Dokta wa Wiki ya Kwanza

Kirongwe, kisiwani Mafia, kama ilivyo vijijini kwingi Tanzania, kila aliyevaa sare ya hospitali ni dokta. Mhudumu anayepima watoto uzito ni dokta, muuguzi mkunga ni dokta, na mwanafunzi aliyeshuka juzi kwenye boti itokayo bara, Nyamisati, akiwa na begi moja na barua ya chuo, naye ni dokta. Mzee anamsimamisha njiani, anamsimulia habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma, kisha ananyamaza akisubiri jibu. Heshima hiyo hutolewa kwa moyo mweupe. Hoja ya sura hii ni kwamba humwelemea mgeni wa kazi kuliko hata huko kutojua kwake.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Daktari tarajali ni mtu aliyekwisha kuhitimu shahada. Anatumikia mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa kabla ya kusajiliwa kikamilifu, na huko ana mabingwa juu yake, wenzake wa darasa pembeni, na zamu inayojulikana. Anayefika vijijini mara nyingi ni mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu aliyekuja kwa wiki chache za mafunzo kwa vitendo, au kama wote wanavyosema, yuko field. Huyu hana kundi. Mkufunzi wake yuko ng'ambo ya bahari. Kirongwe iko kwenye barabara inayotoka Kilindoni kwenda Ras Mkumbi, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Hospitali ya wilaya ni Kilindoni, na ukipita hapo, rufaa inayofuata inahitaji boti au ndege. Mtu akijua kwamba nyuma yake kuna bahari, hata kazi ndogo huiona nzito.

Hebu tuitazame hiyo kazi ndogo, maana ndimo lilimo jibu la kwa nini mgeni huzidiwa. Mama mjamzito anaingia kliniki. Anatakiwa kupimwa presha, uzito, urefu wa mfuko wa uzazi, mapigo ya moyo wa mtoto, wingi wa damu, malaria. Anatakiwa kuulizwa kama miguu inavimba, kama kichwa kinauma, kama mtoto anacheza. Anapewa vidonge vya kuongeza damu. Kila jambo linaandikwa mara mbili, kwenye kadi yake na kwenye rejista ya wajawazito, Mtuha namba 6, na safu za kitabu hicho zimebanana kweli. Wakati huohuo mtoto wa mama mwingine analia, mtu amechungulia dirishani kuuliza kama dawa mseto ipo, na mganga mfawidhi anaita kutoka chumba cha pili. Mwanafunzi anajikuta ameshika fetoskopu na hakumbuki alikuwa anahesabu mapigo au alikwisha kuhesabu.

Wanasaikolojia wana maelezo mazuri ya hali hii. Mwaka 2001 Nelson Cowan, wa Marekani, alikusanya majaribio mengi ya kumbukumbu na kuonyesha kwamba akili ya mtu mzima, kwa wakati mmoja, hushika vipande vinne hivi vya habari, si zaidi sana. Hapo hakuna tofauti kubwa kati ya mkunga wa miaka 20 kazini na mwanafunzi. Tofauti iko katika ukubwa wa kipande. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji sataranji ubao kwa sekunde 5 tu. Bingwa alikumbuka sehemu kubwa ya mpangilio wa mchezo wa kweli, ila kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ulikuwa karibu kama haupo. Alikuwa haoni kete moja moja. Aliona makundi aliyokwisha kuyazoea. Anayecheza bao hahitaji kusafiri hadi kwenye sataranji kulielewa hili. Mashimo ni 32 na kete 64, na bado fundi hutazama ubao mara moja akajua mtaji wake uko wapi, huku mwanagenzi akihesabu kwa kidole. Mholanzi Alexander de Voogt aliona jambo hilo lina uzito wa kutosha kuandikia tasnifu juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, huko Leiden mwaka 1995.

Kwa hiyo mkunga mzoefu akimwona mama mwenye uso uliovimba, anayefinya macho kwa mwanga na kulalamika kichwa, kwake hicho ni kipande kimoja: kifafa cha mimba kinanyemelea, presha ipimwe sasa hivi. Kwa mwanafunzi ni vipande vitatu vilivyolegea, na mikononi tayari ana vinne. Kuzidiwa ni hesabu ya kawaida hapo. Hakupimi akili, wala hakuonyeshi kama mtu alizaliwa kwa kazi hiyo au la.

Nasisitiza hili kwa sababu siku hizi kuna maelezo mengine yanayopendwa zaidi. Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika mwaka 1978 juu ya wanawake waliofanikiwa sana na bado wakajiona walaghai watakaoumbuliwa siku moja. Utafiti wao ulikuwa na maana yake. Ila watu wameuchukua wakamvisha kila anayeanza kazi, na tiba imekuwa moja: jiamini. Mimi siikubali tiba hiyo hapa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anayejiona hajui, hajidanganyi; kweli hajui. Ukimwambia ajiamini unamwongezea mzigo wa kuigiza juu ya mzigo wa kujifunza. Patricia Benner, muuguzi wa Marekani aliyechapisha mwaka 1984 kitabu mashuhuri juu ya hatua anazopita muuguzi tangu ugeni hadi ubingwa, aliona kwamba hata ile hatua ya katikati, ya mtu anayeimudu tu kazi yake, huja baada ya miaka miwili au mitatu katika mazingira yaleyale. Field ni wiki kadhaa.

Sasa turudi kwenye lile jina la dokta. Mtu aliyekwisha kuitwa hivyo mbele ya foleni huona aibu kugeuka na kuuliza, "Hii inasomwaje?" Basi anakisia. Anaandika 120 kwa 80 kwa sababu ndiyo namba anayoikumbuka darasani. Akikosea, anaficha. Amy Edmondson wa Harvard, aliyechunguza wodi za hospitali za Marekani katika miaka ya 1990, alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta ndizo zilizoripoti makosa mengi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba huko watu walithubutu kuyasema, na kwingine yalizikwa.

Hapohapo Mafia kuna mfano wa mgeni aliyekuja bila cheo. Mwaka 1965 Pat Caplan, mwanafunzi wa uzamivu kutoka London, alifika kaskazini mwa kisiwa, akaishi Kanga, kijiji kilicho mbele ya Kirongwe ukielekea Ras Mkumbi. Alikuja kujifunza ukoo, ardhi na maisha ya watu, na kazi yake yote ilikuwa kuuliza. Anayeuliza nani ni shangazi wa nani, au kwa nini shamba hili ni la ukoo ule, hawezi kujifanya anajua. Alirudi tena na tena kwa miongo kadhaa, na kitabu chake cha mwaka 1997 kimejaa maneno ya wanakijiji wenyewe, ikiwemo shajara aliyoandika mmoja wao. Mwanaanthropolojia anaruhusiwa kuwa mjinga hadharani. Ndiyo ajira yake. Mwanafunzi wa uuguzi hupewa koti jeupe asubuhi ya kwanza, na koti hilo linamfunga mdomo.

Namna ya kuufungua haihitaji ujasiri mkubwa. Inahitaji kujua umuulize nani na umuulizeje. Wengi hukimbilia kwa mganga mfawidhi, ambaye ana ripoti, ana kikao Kilindoni, na ana foleni. Humsahau mhudumu wa afya, mama mtu mzima ambaye cheo chake ni cha chini kwenye karatasi, lakini ameona watoto wengi wakizaliwa katika chumba kile kuliko mwanafunzi alivyoona kurasa. Tena swali liwe na jibu lako ndani yake. "Sijui presha" ni mzigo unaomtupia mwenzio. Tofauti yake ni hii:

"Shikamoo mama. Naomba unisaidie kumpima huyu. Nimepata 150 kwa 95, lakini siyaamini masikio yangu."

"Marahaba mwanangu. Mpumzishe kwanza, huyo katembea juani kutoka mbali. Halafu funga mashine upya, umeilegeza."

Katika sentensi mbili mwanafunzi amepata mambo ambayo darasani aliyaandika na kuyasahau. Na mgonjwa aliyekuwa akisikiliza hakukimbia. Hofu kwamba wagonjwa watamdharau anayeuliza ni kubwa kuliko dharau yenyewe. Wanakijiji wanajua vizuri kwamba mtu hufunzwa na waliomtangulia, kuanzia jikoni hadi kwenye dau.

Kuuliza kunatatua ya mchana. Kuna kazi nyingine zisizosubiri swali, na kubwa kati yake ni mtoto anayezaliwa bila kulia. Wakunga huita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu: mkaushe, msisimue kwa kumsugua mgongo, na asipohema, mfuko wa kupumulisha na kinyago viwe usoni kabla dakika haijaisha. Mikono inayotetemeka haiwezi kusoma bango ukutani wakati huo.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, imetufundisha mengi kuhusu jambo hili, na somo lake la kwanza lilikuwa chungu. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, kwa kutumia mwanasesere. Walipopimwa kwa mwanasesere huyo baada ya miezi, walikuwa wameendelea vizuri. Lakini watafiti waliokuwa wakitazama vyumba vya kujifungulia hawakuona mabadiliko kwa watoto wa kweli. Ujuzi ulibaki kwenye semina. Ndipo utaratibu ukabadilishwa: mazoezi mafupi ya dakika chache, palepale kazini, mara kwa mara, mwanasesere akiwa karibu na chumba cha kujifungulia. Estomih Mduma na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto waliosisimuliwa waliongezeka, na waliohitaji kupumulishwa kwa mfuko wakapungua.

Nimekaa kwenye Haydom kwa makusudi, kwani waliozidiwa pale hawakuwa wanafunzi. Walikuwa watu wa kazi, wenye vyeti na uzoefu, na semina nzuri haikuwatosha. Mwanafunzi wa Kirongwe anayejilaumu kwamba "nilifundishwa hili, mbona limenitoka?" anajilaumu kwa jambo ambalo hospitali nzima ilipitia. Linalofaa ni kuingia chumba cha kujifungulia kikiwa kitupu, kila siku kabla ya foleni, akashika mfuko, akaunganisha kinyago, akakiweka usoni pa mwanasesere. Na kama kituo hakina mwanasesere, kitambaa kilichofungwa kinafaa kwa kuzoesha mikono mpangilio wa vifaa. Dakika tatu zinatosha. Wiki ikiisha, hatua hizo zilizokuwa vipande vingi zimeanza kuwa kipande kimoja.

Kwa kazi za mezani, Mtuha wenyewe ni msaada usiothaminiwa. Wanafunzi huuchukia kwa sababu ya wingi wa safu, lakini kila safu ni swali ambalo mtu mwingine amekwisha kukukumbusha uulize. Anayezijaza huku mama angali amekaa hapo, badala ya kuzijaza mchana kwa kukisia, amepunguziwa kazi ya kukumbuka.

Usiku ndio hubaki mgumu. Hapo afadhali mwanafunzi ajue mapema, kwa maandishi yaliyobandikwa ukutani, nani ana ufunguo, nani anaishi karibu, na simu gani inapigwa. Kwa wajawazito na watoto wachanga kuna namba ya bure 115, ya mfumo wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa kabla ya kusambazwa mikoa mingine. Anayepokea anauliza maswali kwa mpangilio: mgonjwa yuko wapi, mimba ina ukubwa gani, uchungu ulianza lini, anatokwa damu kiasi gani, presha ngapi, amepewa nini mpaka sasa. Mwanafunzi aliyeyaandika majibu hayo kwenye karatasi kabla ya kubonyeza namba, hata kama mwandiko umepinda, atayasoma yote bila kukwama, na gari litatoka likijua linakwenda kuchukua nini.