Kurekebisha Viatu vya Kamba kwa Triathloni

Kiatu cha baiskeli cha kufunga kwa kamba kina sifa nyingi. Ni chepesi, kamba zake hukaza mguu sawasawa kuanzia vidoleni hadi karibu na kifundo, na kamba ikikatika hununuliwa nyingine kwa bei ndogo. Waendeshaji wengi wa mbio za barabarani wamekirudia katika miaka ya karibuni, ingawa vipo viatu vya kukazwa kwa kitufe cha kuzungusha. Kwenye triathloni, hata hivyo, kina kasoro moja nzito: hakivaliki upesi. Mshindani ametoka majini, vidole vimekufa ganzi, moyo unadunda, na hapo ndipo anatakiwa kuvuta kamba ngazi kwa ngazi na kufunga mafundo mawili.

Muda huo unahesabiwa. Tangu mshindani anapoanza kuogelea hadi anapomaliza kukimbia saa haisimamishwi, hata akiwa ameketi chini anavaa viatu. Kwenye masafa ya Olimpiki, yaani kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia, ushindi huweza kuamuliwa na muda mdogo sana. Kwenye mbio za wanawake za Olimpiki ya London mwaka 2012, Nicola Spirig wa Uswisi na Lisa Nordén wa Uswidi walimaliza kwa muda uleule, saa 1, dakika 59 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho impe Spirig dhahabu. Upesi nao una mipaka yake. Siku tatu baadaye, kwenye mbio za wanaume, Jonathan Brownlee wa Uingereza aliadhibiwa kusimama sekunde 15 kwa kupanda baiskeli kabla ya mstari unaoruhusu kupanda. Alipata shaba.

Kiatu kilichotengenezwa mahususi kwa triathloni hutatua tatizo hili kwa mambo machache. Kina mkanda mmoja au miwili ya velkro badala ya kamba, kitanzi kikubwa nyuma ya kisigino cha kuvutia kwa kidole, ulimi unaobaki wazi, na bitana laini isiyochubua mguu usio na soksi. Mkanda mkuu hushonwa upande wa nje wa kiatu na kunata upande wa ndani. Ukifunguliwa huning'inia nje, mbali na mnyororo na mkono wa pedeli. Anayerekebisha kiatu cha kamba anatafuta mambo hayohayo, na kwa kawaida fundi viatu yeyote mwenye sindano imara anaweza kumsaidia.

Wengi huanzia kwenye lastiki. Kamba za lastiki zenye kibanio cha kusukuma kwa kidole zimezoeleka kwenye viatu vya kukimbilia, na huko zinafanya kazi vizuri: mguu unasukumwa ndani, lastiki inatanuka, kisha inajikaza yenyewe. Kwenye baiskeli mambo hubadilika. Soli ya kiatu cha baiskeli ni ngumu na imenaswa kwenye pedeli, kwa hiyo mshindani anapopanda mlima akiwa amesimama, au anapochomoka kwa kasi, mguu hauishii kukandamiza chini tu, huvuta pia kwenda juu. Mvuto huo hubebwa na sehemu ya juu ya wayo, karibu na kifundo. Penye lastiki pakivutwa hutanuka, kisigino huinuka ndani ya kiatu, na sehemu ya nguvu hupotea. Kisigino kinachopanda na kushuka kwa kilomita 40 bila soksi huota malengelenge, na mbio za miguu bado zinasubiri.

Kwa sababu hiyo lastiki haifai kuachiwa kiatu kizima. Njia iliyo bora ni kugawa kazi. Matundu ya chini, kuelekea vidoleni, hupitishwa kamba ya lastiki iliyokazwa kiasi na kufungwa moja kwa moja. Hapo mvuto ni mdogo, na mguu unapoingia panahitaji kuachia kidogo tu. Ngazi mbili za juu huachwa bila kamba, na mahali pake fundi hushona mkanda mpana wa velkro usiotanuka, ukianzia upande wa nje kama ulivyo kwenye kiatu cha triathloni. Lastiki inaruhusu mguu kuingia, mkanda unazuia kisigino kuinuka.

Asiyetaka kiatu chake kidungwe sindano ana njia nyingine. Hutoa kamba za kawaida na kuweka kamba nyembamba ya mviringo, inayoteleza na isiyotanuka, yenye kibanio juu. Mvuto mmoja hukaza ngazi zote kwa pamoja. Ni polepole kidogo kuliko lastiki, lakini hushika mguu vizuri zaidi, na baada ya shindano kamba za zamani hurudishwa kiatu kikiwa hakina alama. Ncha inayobaki lazima ikatwe fupi au ichomekwe chini ya ngazi za kamba, hasa kwenye kiatu cha kulia kilicho karibu na mnyororo. Kamba iliyonaswa kwenye mnyororo inaweza kumwangusha mwendeshaji.

Kitanzi cha kisigino kinastahili uangalifu zaidi kuliko kinavyoonekana. Kipande cha mkanda wa nailoni hutosha, ila mshono ubaki upande wa nje, kwa kuwa uzi uliojitokeza ndani utachuna ngozi iliyolowa. Kitanzi hiki kina kazi mbili: kuvutia kiatu mguuni na kushikilia rababendi. Washindani wengi huacha viatu vikiwa vimenaswa kwenye pedeli na kuvifunga kwa rababendi nyembamba, upande mmoja kwenye kitanzi na mwingine kwenye fremu au kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, ili vilale sawa visiburuzike ardhini. Mshindani hukimbia peku na baiskeli, huruka juu, hukanyaga juu ya viatu, rababendi hukatika, na miguu huingizwa wakati baiskeli tayari inakwenda.

Ufundi huo unahitaji kiatu kinachobaki wazi chenyewe. Kiatu cha kamba, hata kilichorekebishwa, hujifunga mdomo, na ulimi hukunjika kuelekea vidoleni. Ulimi ukishonewa uzi mmoja pembeni hautoroki. Hata hivyo, kwa asiyezoea kurukia baiskeli, ni salama zaidi kuvaa viatu kwenye eneo la kubadilishia na kukimbia navyo hadi mstarini, akijihadhari kuteleza. Kuvua ni rahisi kuliko kuvaa: kabla ya mstari wa kushukia, mkanda au kibanio hufunguliwa, miguu ikachomolewa na kukanyaga juu ya viatu.

Poda ndani ya kiatu husaidia mguu uliolowa kuteleza, na mafuta ya kujipaka kisiginoni hupunguza kuchubuka. Kwenye mashindano marefu kama yale ya Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, yenye kilomita 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia, sekunde chache za kuvaa soksi huwa zimetumika vema.

Kiatu kilichorekebishwa hujaribiwa kwanza mazoezini, kwa miguu iliyolowa na kwenye mlima wa kupanda kwa kusimama. Vidole vikifa ganzi, lastiki ya mbele imekazwa mno, kwani mguu huvimba kadiri safari inavyorefuka. Kisigino kikiinuka, mkanda wa juu uko chini mno au umelegea. Jua na jasho huchosha lastiki polepole, na velkro iliyojaa mchanga haishiki. Vyote viwili hukaguliwa wiki moja kabla ya shindano, fundi akiwa bado na nafasi ya kuvibadilisha.