Heshima kwa Wafu: Desturi za Wachina na Imani ya Mkristu



Katika Katanga yetu, toka Lubumbashi hata Likasi, Fungurume na Kolwezi, Wachina wengi wanafanya kazi migodini na katika biashara. Wala si wageni wa jana katika nchi ya Kongo: mwaka 1892 Wachina zaidi ya 500 waliletwa kutoka Macau kujenga njia ya reli ya Matadi, na wengi wao walikufa huko kwa magonjwa. Vijana wanaofanya kazi pamoja nao huuliza: «Watu hawa wanaabudu nini? Yasemekana huwapa wafu chakula. Je, si upagani?» Swali hili latuhusu na sisi, kwa maana nasi tuna wazee waliotutangulia, na Mkristu mpya hajui sikuzote ni desturi gani aishike na ni ipi aiache. Basi, tusikilize kwa utaratibu.

Huko Uchina mafundisho matatu yamekaa pamoja tangu zamani, kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. La kwanza ni la Konfusio, mwalimu aliyezaliwa mwaka 551 kabla ya Kristu. Yeye hakusema sana habari za miungu. Alifundisha adabu: mtoto amtii mzazi, mdogo amheshimu mkubwa, mtawala awatunze watu wake. La pili ni la wafuasi wa mzee Lao Tzu, wanaotaka kuishi kwa kupatana na mwendo wa ulimwengu. La tatu ni la Buda.

Huyo Buda jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama. Alizaliwa Lumbini, katika nchi inayoitwa leo Nepal, yapata miaka 500 kabla ya Kristu, katika jamaa ya watawala. Yasimuliwa kwamba alipoona mzee, mgonjwa na maiti, aliiacha nyumba ya baba yake akaenda kutafuta asili ya mateso. Akafundisha kwamba maisha yamejaa mateso. Kwamba mateso hutoka katika tamaa. Kwamba tamaa ikizimwa, mateso hukoma. Na kwamba njia ya kuizima ni mwenendo mwema na kutafakari. Wafuasi wake husadiki kwamba mtu akifa huzaliwa tena na tena, kwa kadiri ya matendo yake. Mafundisho hayo yalifika Uchina katika karne ya kwanza baada ya Kristu, yakachanganyika na desturi za mazishi, hata watawa wa Kibuda huitwa kuwaombea marehemu.

Sisi hatusadiki hivyo. Twasadiki Mungu Mwumba. Twasadiki kwamba mtu hufa mara moja, kisha huhukumiwa, na kwamba atafufuka. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaja dini ya Buda kwa heshima, ukatuagiza kutambua yaliyo mema ndani yake.

Sasa tuitazame desturi yenyewe. Katika nyumba nyingi za Kichina za zamani paliwekwa kibao cha mti chenye jina la marehemu. Na kila mwaka, mwanzoni mwa Aprili, siku iitwayo Qingming, jamaa huenda makaburini. Hung'oa majani, hufagia, huinama, huwasha ubani, huweka chakula na matunda. Wengine huchoma karatasi zenye sura ya fedha, ili zimfae marehemu. Twaona hapo mambo mawili yaliyofungwa pamoja: heshima ya mtoto kwa mzazi, na dhana kwamba mfu anahitaji chakula na fedha.

Padri Matteo Ricci, Mjesuiti aliyefika Uchina mwaka 1582, aliyachunguza mambo hayo miaka mingi. Akaona kwamba wenye elimu waliweka chakula kaburini kwa kuwa hawakujua njia nyingine ya kuonyesha upendo, tena ili watoto wajifunze kuwaheshimu wazazi walio hai. Akawaruhusu Wakristu wamheshimu Konfusio na wazee wao. Lakini wamisionari wengine walisema: hiyo ni ibada ya sanamu. Ugomvi ulidumu zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1704, tena 1715 na 1742, Roma ilikataza desturi hizo. Serikali ya Uchina ilichukizwa, na mwaka 1724 mfalme akaipiga marufuku dini ya Kikristu. Mtu aliyebatizwa alionekana mbele ya ndugu zake kama mtoto aliyemtupa baba yake. Hatimaye, tarehe 8 Desemba 1939, wakati wa Papa Pius XII, Roma iliruhusu Wakristu wainame mbele ya marehemu, mbele ya picha yake, au mbele ya kibao chenye jina lake tu.

Tena kuna mtu mmoja aliye karibu nasi kuliko tunavyodhani. Wabenedikto walioleta Injili Katanga mwaka 1910 walitoka monasteri ya Mtakatifu Andrea, karibu na mji wa Brugge, Ubelgiji. Katika monasteri hiyo hiyo aliingia, mwaka 1927, Mchina Lou Tseng-Tsiang, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi yake mwaka 1912. Mke wake alipokufa, akawa mtawa, na mwaka 1935 akapewa upadri. Yeye alisema wazi kwamba adabu ya Konfusio kwa wazazi ilimwandalia njia ya kumjua Baba wa mbinguni. Alikufa huko mwaka 1949. Hakuitupa heshima ya wazee wake. Aliileta mbele ya altare.

Nasi Kongo twafanya vivyo hivyo. Katika Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mababu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu hutajwa pamoja na watakatifu. Basi, anayefagia kaburi la mama yake, anayempa mtoto jina la nkambo, anayekaa kilioni pamoja na jamaa yake, hatendi dhambi; ashika amri ya nne. Bali anayemwaga pombe kaburini kwa hofu ya kuletewa ugonjwa, au anayekwenda kwa mganga kuuliza ni mfu gani amekasirika, amempa kiumbe nafasi ya Mungu. Tusimcheke Mchina afukizaye ubani kabla ya kujua moyo wake wataka nini. Wala tusimhukumu hivyo jirani yetu.

Maswali ya kukumbuka

Je, ni dhambi kuwaheshimu wafu?
Hapana. Ni wajibu wa mtoto mwema.

Je, twaweza kuwaabudu wafu?
Hapana. Twamwabudu Mungu peke yake.

Tutajuaje tofauti?
Tujiulize: namwelekea nani, namwomba nini, naogopa nini?