Ploti ya Kupangisha kwa Mkopo: Piga Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi

Lugulu, kando ya barabara ya Webuye–Kitale, haikosi wapangaji: wahudumu wa hospitali ya misheni, walimu na wafanyabiashara. Ndiyo maana ploti yenye vyumba vya kupangisha inapouzwa, wengi hukimbilia mkopo. Swali la kwanza liwe hili: je, kodi ya nyumba italipa mkopo hata vyumba vingine vikikaa bila watu?

Tuchukue mfano wa vyumba 10, kila kimoja Sh3,500 kwa mwezi. Vikijaa vyote, utapata Sh35,000. Lakini hesabu vyumba 8 pekee: Sh28,000. Ondoa ushuru wa KRA wa asilimia 7.5, ambao hutozwa kodi ya nyumba inayozidi Sh288,000 kwa mwaka. Hiyo ni Sh2,100. Tenga Sh5,900 za ukarabati, maji na usafi. Unabaki na Sh20,000.

Mkopo wa Sh1,000,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayotozwa kwa salio linalopungua, unahitaji takriban Sh22,250 kila mwezi kwa miaka 5. Kodi haitoshi. Kwa miaka 7 ni takriban Sh17,650, na kodi inatosha, ila jumla ya riba inapanda kutoka kama Sh335,000 hadi Sh483,000.

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa hivyo mkopo huo utahitaji akiba ya takriban Sh334,000 pamoja na wadhamini. Ukishindwa kulipa, akiba ya wadhamini wako pia huweza kukatwa. Benki nayo kwa kawaida hushikilia hatimiliki, na inaweza kuuza ploti.

Weka pia pesa za ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi: asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa, na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya Sh2,000,000, hizo ni Sh80,000 au Sh40,000.

Kabla ya kulipa hata arubuni:

• Fanya upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi, ujue mwenye ardhi ni nani na kama kuna deni juu yake.

• Ikiwa hatimiliki ingali kwa jina la marehemu, ngoja familia imalize kesi ya urithi mahakamani. Sahihi ya mtoto mmoja haitoshi.

• Ikiwa ardhi imesajiliwa kuwa ya kilimo, pata idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 baada ya makubaliano.

• Ikiwa ni mali ya ndoa, hakikisha mume au mke wa muuzaji ametoa idhini kwa maandishi.

Upekuzi hugharimu pesa kidogo. Ploti yenye kesi huweza kukuacha ukilipa mkopo wa nyumba usiyokuwa nayo.