Mita ya unyevu imeanza kudanganya: upeleke kwa fundi ama ununue nyingine?

Ukishavuna mahindi Moi's Bridge, swali la kwanza ambalo kila mtu anauliza ni moja: yamekauka? Ghala la NCPB liko hapo hapo mjini, na kiwango kinajulikana: asilimia 13.5 ya unyevu, isizidi. Ndiyo maana majirani wengi huchanga pesa wakanunua mita moja ndogo ya mkono ya kupima unyevu, ikawa inazunguka boma hadi boma.

Sasa, mita ikianza kusoma vibaya, mnafanya nini? Wateja wetu wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kumtumia fundi pesa haraka haraka, au kukopa kwa simu wanunue mpya. Kabla hujaweka PIN, hebu tupige hesabu pamoja.

Mita mbovu inakula pesa bila kelele

Tuseme una magunia 20 ya kilo 90, na mahindi yako tayari yako asilimia 13.5. Mita inakuambia bado. Unaanika tena mpaka yanafika 11.5. Kila gunia limepoteza karibu kilo 2 za maji, na maji hayo yangeuzwa kwa bei ya mahindi. Kwa magunia 20, hizo ni kilo 40, karibu nusu gunia limeenda na jua.

Ikikosea upande ule mwingine ni mbaya zaidi. Inasoma 13 kumbe ni 16. Unalipa usafiri hadi ghalani, mzigo unakataliwa ama unaambiwa ulipie kukausha. Na yale uliyobakisha nyumbani yanaota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Mwaka wa 2004, hasa kule Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Kwa hivyo hili si jambo la biashara peke yake. Ni ugali wa watoto.

Kwanza hakikisha imeharibika kweli

Mara nyingi mita haina shida. Angalia haya, hayagharimu sana:

- Betri. Ikipungua nguvu, namba zinaruka ruka. Weka mpya.
- Kikombe cha kuwekea punje. Kikiwa na vumbi ama maganda, kipanguse kwa kitambaa kikavu.
- Chaguo la nafaka. Huenda mtu alipima ngano akasahau kurudisha kwa mahindi.
- Joto. Usipime mahindi yakitoka tu juani. Yaache yapoe kivulini.

Halafu jaribu njia ya chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka vizuri, tia chumvi kavu na punje, funga, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye glasi, unyevu umepita asilimia 15. Kama mita inakuambia 13, basi inakudanganya. Tena, siku ukipeleka mzigo ghalani, pima sampuli hiyo hiyo kwa mita yako ulinganishe na namba watakayokupa.

Fundi ama mpya?

Usiulize "ni pesa ngapi?" peke yake. Uliza "ni pesa ngapi kwa kila msimu?" Tuseme mita mpya ni shilingi 12,000 na itawafaa misimu 6. Hiyo ni 2,000 kwa msimu. Fundi anataka 3,000. Ikikaa misimu 2, ni 1,500 kwa msimu: tengeneza. Ikikaa msimu mmoja tu, ni 3,000: heri mpya. Kwa hivyo muulize fundi atakupa garantii ya muda gani, na kama ataipima tena mbele yenu kabla mmalize kulipa.

Ukilipa, lipa na akili

Lipa sehemu kwanza, nyingine baada ya mita kujaribiwa. Tumia nambari ya till ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ule ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako siku ya mabishano. Na mtu usiyemjua anayetangaza mita ya bei ya chini mtandaoni, akitaka utume yote kabla hujaiona, mwache aende.

Mkopo wa simu je? Una ada, na muda wake wa kulipa ni mfupi, ilhali mahindi yako hulipa mara moja kwa mwaka. Kama majirani ni 6, mita ya 12,000 ni 2,000 kila mmoja. Anzeni Januari, kila mtu aweke shilingi 200 kwa mwezi kwenye akiba ya kikundi. Kufikia Oktoba, mavuno yakianza, pesa yote iko na hakuna anayedaiwa.

Leo jioni, kabla ya kumpigia fundi, badilisha betri kwanza.