Ukomo wa Uongozi: Nani Anaruhusiwa Kugombea Tena, na Nani Hagombei Kabisa

Ipole, katika Wilaya ya Sikonge mkoani Tabora, ni njia panda: barabara moja inaelekea Mpanda na nyingine Rungwa hadi Mbeya. Wasafiri hupita na habari, zikiwemo za magavana wa Kenya ambao baadhi yao hawataruhusiwa kugombea tena mwaka 2027. Habari hizo huzaa swali la msingi kwa mwananchi wa Tanzania: je, viongozi wa hapa nao wana ukomo wa aina hiyo?

Jibu linategemea aina ya cheo. Cheo kinachokaribiana na cha gavana ni cha Mkuu wa Mkoa, lakini msingi wake ni tofauti. Ibara ya 61 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza kwamba Wakuu wa Mikoa wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Jukumu lao ni kusimamia utekelezaji wa kazi na shughuli za Serikali katika mikoa yao. Hivyo Mkuu wa Mkoa wa Tabora hapigiwi kura, hana muhula wa kuhesabu, na anaweza kuhamishwa au kubadilishwa wakati wowote.

Nchini Kenya, gavana huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake kila baada ya miaka mitano. Ibara ya 180 ya Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010 inamzuia mtu kushika wadhifa huo kwa zaidi ya mihula miwili. Gavana akifariki au kuondoka madarakani, naibu wake humalizia kipindi kilichobaki. Iwapo wakati wa kuapishwa kwa naibu huyo imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi, kipindi hicho huhesabiwa kuwa muhula kamili.

Mfano ni Kaunti ya Nyeri. Gavana Wahome Gakuru alifariki Novemba 2017, miezi michache baada ya kuchaguliwa, na naibu wake, Mutahi Kahiga, akashika nafasi hiyo. Kahiga alichaguliwa mwaka 2022. Kwa kuwa kipindi cha kwanza kinahesabiwa kuwa muhula kamili, kipindi alichoanza mwaka 2022 ndicho cha mwisho mfululizo wa sheria unachomruhusu.

Katiba ya Tanzania ina kanuni inayofanana na hiyo, ila inamhusu Rais. Ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano uliwekwa katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984. Marais Ali Hassan Mwinyi, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete kila mmoja aliongoza kwa miaka kumi na kuondoka. Ibara ya 40 inaongeza kwamba Makamu wa Rais anayeshika kiti kilichoachwa wazi kwa miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Akikishika kwa muda unaopungua miaka mitatu, anaruhusiwa mara mbili. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, ikiwa imebaki zaidi ya miaka minne ya kipindi kilichoanza Novemba 2020. Kwa hiyo alikuwa na nafasi moja ya kugombea, nayo ilikuwa katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025.

Kwa mbunge, diwani na mwenyekiti wa kijiji, hali ni nyingine. Hawa huchaguliwa kwa miaka mitano, lakini sheria haiwawekei idadi ya mihula. Diwani wa Ipole anaweza kugombea tena kila uchaguzi, maadamu ana sifa zinazotakiwa na ameteuliwa na chama chake. Mtendaji wa kijiji naye si wa kuchaguliwa. Ni mtumishi wa umma.

Maana yake kwa mwananchi ni kwamba palipo na ukomo wa kisheria, muda ukifika kiongozi huondoka hata kama bado anapendwa. Pasipo na ukomo huo, anayeamua iwapo kiongozi aendelee au apumzike ni mpiga kura.

Ili uamuzi huo uhesabiwe, jina la mpiga kura lazima liwepo katika orodha inayohusika, na orodha ni mbili. Uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji na vitongoji, ambao mara ya mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, hutumia orodha nyingine inayoandaliwa katika eneo husika kabla ya uchaguzi huo. Mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakujiandikisha katika orodha ya kitongoji chake hawezi kumchagua wala kumwondoa mwenyekiti wa kijiji, hata kama amemvumilia kwa mihula mitatu.