Tafi, Tasi au Chafi?



Mke wa mpwa wangu ni mzaliwa wa Unguja, na hajatimiza miezi mitatu hapa Mombasa. Juma lililopita mkwewe alimtuma sokoni alete tafi. Akarudi na changu, akasema kwa adabu ya mgeni kwamba tafi hakuwaona. Kumbe aliwapita pale mezani, maana kwao samaki huyu ni tasi, na wengine humwita chafi. Mkwewe alicheka sana.

Kesho yake tafi wakaletwa nyumbani. Binti wa miaka saba akapeleka mkono katika beseni. Bi arusi akapaza sauti, "Toa mkono, tasi huyo!" Mtoto alimjua tafi na miba yake, neno tasi hakupata kulisikia. Akachomwa.

Jina la samaki huyu, basi, ni onyo kabla ya kuwa kitoweo. Tafi ana miba 13 mgongoni, 7 upande wa chini kuelekea mkiani, na 4 katika mapezi ya tumboni. Miba hiyo ina sumu, nayo haiondoki kwa kufa kwake. Moto ndio huivunja, ndiyo maana aliyepikwa haliwi kwa hofu. Bi arusi yule yule aliutia mkono wa mtoto katika maji ya moto, aliyoyajaribu kwanza kwa mkono wake yasije yakaunguza, akaudumisha humo karibu saa nzima hata maumivu yakatulia. (Uvimbe ukizidi au pumzi ikibana, akina mama, msingoje: ni hospitali.)

Majina yake ni mengi hata ng'ambo. Waarabu wa Bahari ya Shamu humwita sijan, na kutokana na neno hilo wataalamu wakapata Siganus, lililochapishwa mwaka 1775 katika kitabu cha Forsskål, aliyekwisha kufariki Yemen mwaka 1763. Watu wa Bahrain nao humwita nduguye tafi safi! Sikio la Mswahili haliwezi kukosa kutabasamu: huko safi, huku chafi. Mimi nawaunga mkono wa Bahrain, ila matumbo yake yatolewe mapema, kwani mla mwani huyu huvunda upesi.

Jumatatu walinunuliwa tena. Mtoto alisimama mlangoni, mikono nyuma, akauliza: "Ni tafi, au ni tasi?"