Wakili, mpaka na haki: njia kutoka Koboko hadi Arusha

Mfanyabiashara wa mpakani humkumbuka wakili siku ya balaa. Mzigo umezuiwa, dereva yuko mahabusu, mdaiwa amezima simu. Hapo ndipo watu huanza kuulizana sokoni nani anamfahamu wakili mzuri Arua. Mara nyingi wakati huo jambo limekwisha kuharibika: karatasi hazipo, siku za kukata rufaa zimepita, na fedha ambazo zingemlipa wakili zimekwisha kutolewa njiani.

Kwa watu wa West Nile suala hili si dogo. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Mtu anaweza kununua vitenge Ariwara asubuhi, akapita Koboko mchana, na jioni akawa Kaya akiuza mafuta ya kupikia. Kwa siku moja amepita chini ya sheria za nchi tatu. Akikwama, ni sheria ya nani itakayomsaidia, na nani atamsemea?

Jibu moja liko katika safari za mawakili wenyewe. Gazeti hili linawatazama watatu ambao kazi zao zinagusa moja kwa moja maisha ya mtu anayevuka mpaka.

Mtoto wa Koboko aliyeandika utaratibu

Francis Ayume alizaliwa Koboko mwaka 1940. Alisomea sheria katika kizazi ambacho njia ya uwakili ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika wakakaa darasa moja. Makerere haikuwa na idara yake ya sheria hadi mwaka 1968. Kwa maneno mengine, wanasheria wa kanda hii walikuwa na jumuiya yao kabla wanasiasa hawajatia saini mkataba wa Jumuiya tuliyo nayo leo.

Ayume alifika mbali. Aliingia Bungeni akiiwakilisha Koboko, na mwaka 1998 akachukua kiti cha Spika baada ya James Wapakhabulo. Mwaka 2001 aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kazi aliyokuwa nayo hadi alipofariki katika ajali ya gari tarehe 16 Mei 2004. Mwaka uliofuata Koboko ikawa wilaya inayojitegemea.

Vyeo hivyo wengi wanavikumbuka. Lakini kwa mfanyabiashara, urithi wake mkubwa ni kitabu. Mwaka 1986 Ayume alichapisha kitabu juu ya sheria na utaratibu wa kesi za jinai Uganda, na vizazi vya wanafunzi wa sheria vimekisoma. Utaratibu ni neno linalochosha masikio, lakini ndilo linaloamua kama mtu atalala rumande au nyumbani: nani anaweza kukukamata, kwa sababu gani, ukae kituoni muda gani, dhamana inaombwaje, shahidi anahojiwa vipi.

Katiba ya Uganda ya 1995 imeyaweka mambo hayo wazi katika ibara ya 23 na ya 28. Anayekamatwa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na aelezwe kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Ni lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mahakamani, kama haelewi lugha inayotumika, apewe mkalimani bila malipo. Na kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha, asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama ya serikali.

Zingatia neno lililotumika katika ibara hizo: ni "mtu", si "raia". Mama kutoka Aru anayeuza maharage Arua, au kijana wa Yei anayenunua soda Koboko, analindwa na saa 48 zile zile. Na katika eneo ambalo watu wanachanganya Kilugbara, Kikakwa, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa si pambo. Anayetia saini maelezo ya polisi yaliyoandikwa kwa Kiingereza bila kusomewa amejifunga kamba mwenyewe.

Jambo jingine ambalo polisi wenyewe hulitangaza: dhamana ya polisi haina malipo. Anayekuomba "hela ya fomu" hakuombi kwa niaba ya sheria.

Kumtetea asiyependwa

Wakili wa pili ni Caleb Alaka, mmoja wa mawakili wanaojulikana sana Uganda kwa kesi za jinai. Alikuwa miongoni mwa waliomtetea Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la LRA aliyekamatwa Kongo mwaka 2009.

Wafanyabiashara wa West Nile wanaijua LRA bila kusimuliwa. Kwa miaka, safari ya kati ya Karuma na Pakwach ilikuwa ya kusali. Magari yalishambuliwa, mizigo ikachomwa, watu wakafa. Kwa hiyo swali ni halali: kwa nini wakili asimame upande wa mtu wa namna hiyo?

Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2011 katika kitengo cha Mahakama Kuu kinachosikiliza makosa ya kimataifa. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ilikubali hoja ya utetezi kwamba Kwoyelo alistahili msamaha kama wapiganaji wengine waliosamehewa chini ya sheria ya mwaka 2000. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo, na kesi ikaendelea. Alitiwa hatiani Agosti 2024 kwa makosa 44, na Oktoba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 40.

Hesabu miaka: 15 tangu kukamatwa hadi hukumu. Waathirika walisubiri, na mshtakiwa naye alisubiri. Mtu anaweza kusema mawakili ndio walioichelewesha. Lakini hoja waliyoibeba ilikuwa ya kweli: je, sheria ya msamaha ni ya wote au ya wale serikali inaowataka? Swali hilo lilihitaji jibu la mahakama ya juu kabisa, na sasa jibu lipo. Hukumu iliyotoka baada ya utetezi kamili ni ngumu kubomolewa. Ile inayotolewa bila mtu wa kujibu hubaki na shaka milele.

Hapa ndipo mtazamo wa mawakili wa utetezi unapotugusa hata sisi tunaouza chumvi na mbao. Leo anayeonekana mhalifu ni kamanda wa waasi. Kesho ni wewe, uliyekutwa na bidhaa ambazo ofisa anadai ni za magendo. Ukishakubali kwamba wengine hawastahili wakili, umekubali pia kwamba kuna siku wewe hutastahili.

Wakili aliyerudishwa mpakani

Wa tatu hatoki West Nile, lakini kilichompata kinawapata watu wa Oraba na Vurra kila wiki. Samuel Mukira Mohochi, wakili wa Kenya, alitua Entebbe tarehe 13 Aprili 2011 akiwa na wanasheria wenzake waliokuja kumwona Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake waliruhusiwa kuingia. Yeye alizuiwa na siku hiyo hiyo akarudishwa Nairobi, bila kuelezwa kosa lake.

Wengi wetu tungetukana kimoyomoyo na kutafuta njia ya panya. Mohochi alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Uganda ilijibu kwamba ni nchi huru, na ina mamlaka ya kumkataa mgeni isiyemtaka. Mei 2013 mahakama iliamua kwamba mamlaka hayo yapo, lakini yanabanwa na Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Kumrudisha raia wa nchi mwanachama bila kumpa sababu na bila kufuata utaratibu wa haki kulivunja ahadi ambazo Uganda ilitia saini yenyewe.

Mahakama hiyo hiyo imeamua pia juu ya bidhaa. Mwaka 2017 Uganda ilibadili sheria ya ushuru ili sigara zisizotengenezwa Uganda zitozwe zaidi. Kampuni iliyokuwa ikileta sigara kutoka Kenya ililalamika, na mwaka 2019 majaji wakakubaliana nayo: bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kubaguliwa kana kwamba imetoka nje ya Jumuiya.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo pembe ya Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, sasa yote imo ndani ya Jumuiya moja. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupeleka malalamiko Arusha dhidi ya serikali iliyovunja Mkataba, bila kulazimika kwanza kumaliza mahakama zote za nyumbani. Mahakama hiyo ina ofisi ndogo ya masijala Kampala, na wakili mwenye haki ya kusimama mahakama za juu za nchi yoyote mwanachama anaweza kukuwakilisha.

Sharti moja huwaangusha wengi: malalamiko yafunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu ulipolijua. Ukikaa miezi mitatu ukibembeleza ofisini, mlango umefungwa.

Mbona mawakili ni wachache huku?

Kuwa wakili Uganda kunachukua shahada ya sheria ya miaka minne, kisha kozi ya mafunzo ya kazi katika Law Development Centre, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970. Kwa muda mrefu kozi hiyo ilikuwa Kampala peke yake. Sasa kuna matawi Mbarara na Lira. Kijana wa Koboko aliyetumia miaka hiyo yote na fedha za ukoo mzima mjini hushawishika kubaki huko, kwa sababu huko ndiko kuliko na makampuni yanayolipa. Arua ina Mahakama Kuu na ofisi za mawakili. Anayetoka Koboko na jambo la kufika Mahakama Kuu hupanda gari kwenda Arua.

Kwa hiyo ni lazima mfanyabiashara ajue pia mambo asiyohitaji wakili. Kwa deni lisilozidi shilingi milioni 10 za Uganda, kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu. Unampa mdaiwa notisi ya siku 14. Asipolipa unajaza fomu, na hakimu anawasikiliza ninyi wawili bila mawakili. Deni lisilozidi shilingi milioni 2 linaweza kuanzia kwenye mahakama ya baraza la mtaa. Katiba yenyewe, ibara ya 126, inawataka mahakimu wahimize suluhu na wasifunikwe na ufundi wa sheria hadi haki ikapotea.

Lakini njia hizo humfikia mdaiwa aliye Uganda. Akiwa ng'ambo ya Kaya au Aru, mambo ni mengine. Wafanyabiashara wa Uganda waliopeleka nafaka kwa serikali ya Sudan Kusini walisubiri malipo kwa miaka, hadi serikali mbili zikaingia katika mazungumzo, na baada ya hapo wengine walilipwa na wengine wakaendelea kusubiri. Mkataba wa maandishi, unaosema sheria ya nchi gani itatumika na mgogoro utaamuliwa wapi, huandikwa kabla ya lori kupakiwa. Kumlipa wakili wa Arua asome kurasa mbili ni nafuu kuliko kumlipa wa Kampala afukuze deni la miaka mitano.

Ukimtafuta wakili, uliza cheti chake cha mwaka huu, kwani leseni ya uwakili hutolewa upya kila mwaka. Lipa ofisini na udai risiti. Kubalianeni ada kwa maandishi. Jihadhari na vishoka wanaozunguka milango ya mahakama na tai shingoni. Wakili wa kweli yumo katika orodha, na akikudhulumu unaweza kumshtaki kwa kamati ya nidhamu ya Baraza la Sheria. Kishoka ukimlipa, umelipa upepo.

Na jambo la kufanya leo kabla ya safari ijayo ni hili: nunua daftari. Kila kizuizi, andika tarehe, saa, mahali, jina au namba ya ofisa, kilichosemwa, kilicholipwa, na uambatishe stakabadhi. Saa 48, siku 14, miezi miwili: zote huhesabiwa kuanzia tarehe fulani, na asiyeweza kuionyesha hana pa kuanzia.